Mwenye Shimo na Mchimba kwa Ujira

Hapana nyumba isiyoanza kwa shimo. Kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kabla ya mlango kupimwa na paa kuezekwa, hutangulia mtu mwenye panga na shoka akafyeka kichaka na kung'oa visiki. Nyuma yake huja mwenye jembe na sururu akaifungua ardhi. Nyumba ikisha kukamilika, wageni husifu paa, madirisha na rangi ya kuta. Hajapata kusikika mgeni aliyeomba kuonyeshwa msingi. Kwa hiyo mchimbaji ni mtu wa kwanza kufika katika kiwanja na wa kwanza kusahauliwa.

Zamani mtu alichimba mwenyewe, au alichimba pamoja na ndugu na majirani zake, na malipo yao yalikuwa chakula cha siku ile na ahadi ya kusaidiwa siku nyingine. Leo mambo ni mengine. Mji wa Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021, umekua na kumeza mashamba yaliyouzunguka. Na kuelekea Njoro, Bahati, Rongai na Gilgil mashamba yaliyokuwa makubwa yamekatwa vipande vidogo, kila kipande na mwenyewe, na kila mwenyewe na hamu ya nyumba. Mwenye mali huita katapila, ambayo kwa saa chache husawazisha kiwanja kizima. Mwenye pato la kadiri huita vibarua wawili watatu na kupatana nao kwa futi. Wote wawili, tajiri na mtu wa kadiri, wamefanya jambo moja: wamenunua mkono wa mtu mwingine ili uifungue ardhi yao.

Hapo ndipo lizaliwapo swali ninalotaka kulitazama. Mtu akimpa mwenziwe ujira ili amchimbie, je, amempa kazi tu, au amempa pamoja na kazi dhima ya yote yatakayotoka katika kazi hiyo? Ukuta wa shimo ukianguka, maji yakigeuza njia, jirani akipoteza ua wake, nani mwenye kujibu: aliyeshika sururu au aliyeshika mfuko wa fedha?

Wahenga walisema kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hii tumeizoea kama onyo kwa mwenye hila: anayemtegea mwenziwe shimo atatumbukia yeye. Lakini itazame mara ya pili, msomaji, na utaona kwamba imesimama juu ya jambo moja ambalo wahenga hawakuona haja ya kulitaja, maana kwao lilikuwa wazi. Mwenye kutaka shimo na mwenye kulichimba walikuwa mtu mmoja. Kusudi na jembe vilikaa katika mkono mmoja, ndiyo maana adhabu iliweza kumpata mwenyewe bila kupotea njia. Ujira umevitenga vitu hivyo viwili. Anayelitaka shimo amekaa kivulini akinywa chai. Anayeingia ndani yake ni mwingine kabisa, ambaye hakulitaka, wala hatalitumia. Leo mchimba kisima huingia katika kisima cha mwenziwe.

Ili swali letu lisibaki hewani, yafaa kuijua kwanza ardhi tunayoisema. Bonde la Ufa si ardhi tulivu. Mji wa Nakuru umekaa chini ya mlima Menengai, volkeno ambayo kilele chake kilibomokea ndani na kuacha shimo kubwa mno, na kwa zama nyingi volkeno hiyo ilitapika majivu na mawe mepesi yenye vitundu, yakatandazwa tabaka juu ya tabaka katika nchi yote ya jirani. Tabaka hizo zikikauka husimama wima kana kwamba ni ukuta wa fundi hodari. Zikilowa, mshiko wake hutoweka. Tena chini yake ziko nyufa za kale ambamo maji ya mvua hupita kwa siri, yakichukua majivu kidogo kidogo, mpaka siku moja uso wa nchi ukaporomoka ghafla na kuacha genge mahali ambapo jana ng'ombe walilisha. Watu wa Nakuru wameyaona hayo katika mitaa yao mara kwa mara wakati wa masika. Mnamo Machi 2018 genge la namna hiyo liliikata barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok, na habari zake zikaenea duniani.

Katika ardhi kama hiyo, shimo la choo la futi 30 haliwi shimo tu. Fikiri juu ya mtu aliye chini yake. Mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida huwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,000. Na udongo wa majivu, ambao ukiwa mkavu ni mwepesi, huongezeka uzito ukinywa maji. Ukuta ukianguka, si lazima udongo umfunike mtu kichwa ndipo afe. Ukimbana hadi kifuani yatosha, kwa kuwa kifua kilichobanwa hakiwezi kupanuka na kuvuta pumzi. Kila akitoa pumzi, udongo husogea na kujaza nafasi iliyoachwa. Rafiki zake walio juu, wakiruka ndani kwa huruma ili wamwokoe, mara nyingi huuangusha ukuta wa pili, na msiba wa mtu mmoja ukawa msiba wa watu watatu.

Dawa ya jambo hili haikufichwa kwa wataalamu. Kuta hutegemezwa kwa mbao na magogo kadiri shimo linavyokwenda chini, au hujengwa kwa mawe tangu juu; udongo uliotolewa hautupwi ukingoni bali hutengwa mbali, ili uzito wake usiusukume ukuta; mtu wa chini hufungwa kamba kiunoni, na mtu wa juu haondoki kwenda kuvuta sigara. Mvua ikinyesha kazi husimama. Mchimbaji yeyote aliyekaa miaka miwili katika kazi yake anayajua haya. Kwa nini basi hayafanywi?

Sikiliza mapatano yao. Mchimbaji ameshuka futi 10, akapanda, akajipangusa vumbi.

"Mzee," asema, "udongo huu hauna mshiko. Tukiendelea hivi bila mbao utatuzika."

"Fundi," ajibu mwenye kiwanja, "mimi nimenunua shimo. Habari ya mbao hatukuipatana. Ikiwa unaogopa, niambie mapema. Wako vijana wengi pale stendi wanaotafuta kazi."

Mchimbaji anatazama chini, anaukumbuka unga na karo ya shule, na anarudi shimoni.

Mwenye kiwanja huyu si katili. Ukimuuliza atakupa hoja mbili, na zote mbili zastahili kusikilizwa, kwa sababu ndizo hoja za watu wengi wema.

Hoja ya kwanza ni kwamba mchimbaji alikubali. Hakufungwa kamba akaletwa. Alikuja kwa miguu yake, akataja bei yake, akakubali bei yangu. Ndiyo, alikubali. Lakini kukubali kuna daraja. Mtu aliyeshiba akikubali jambo, amechagua kati ya jambo hilo na kuliacha. Mwenye njaa akikubali, amechagua kati ya hatari ya shimo na hakika ya njaa. Kukubali kwake ni kweli, wala tusimdharau kwa kusema hana akili ya kuchagua. Ila kumetueleza juu ya haja yake zaidi kuliko juu ya haki ya bei yetu. Tena mtazame yule mwingine: alipotaja vijana wa stendi, alikuwa hajadili tena bei ya kazi. Alikuwa ameuleta umaskini wa watu wengine mezani na kuutumia kama fimbo. Mkataba uliotiwa sahihi chini ya fimbo hiyo waweza kuwa mkataba mbele ya karani. Mbele ya dhamiri una doa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mwenye kiwanja husema: "Mimi ni mwalimu, sijui udongo. Nimemwita anayejua ili ujuzi wake uchukue nafasi ya ujinga wangu. Nikimpa amri namna ya kuchimba nitaharibu. Nikimwachia, mwasema nimemtupa." Hoja hii haina hila ndani yake. Hakika maana ya kumwita fundi ni kumwamini fundi. Mgonjwa hamfundishi daktari, wala abiria hashiki usukani.

Sheria ya Uingereza, ambayo mahakama za Kenya zilirithi sehemu zake nyingi, kwa kawaida huikubali hoja hiyo. Husema kuwa mtu aliyeajiri mkandarasi aliye huru, mwenye ujuzi na zana zake mwenyewe, hajibu uzembe wa mkandarasi yule. Walakini sheria hiyo hiyo ilikutana na shauri moja lililoilazimisha kufikiri upya, na shauri lenyewe lilihusu kuchimba. Katika jimbo la Lancashire alikuwapo John Rylands, mwenye kiwanda, aliyetaka bwawa la maji kwa ajili ya kiwanda chake. Aliajiri mhandisi na wakandarasi wa kuaminika, akawaachia kazi. Wakichimba, watu wale walikuta mashimo ya kale ya machimbo, yaliyojazwa udongo mwororo, hawakuyaziba sawasawa. Mnamo Desemba 1860, bwawa lilipojazwa, maji yalitoboa yakateremka katika mashimo yale, yakapita chini ya ardhi na kuyafurika machimbo ya makaa ya jirani yake, Thomas Fletcher. Rylands hakujua kuwapo kwa mashimo yale wala hakufanya uzembe wowote kwa mkono wake. Shauri lilikwenda kutoka baraza hadi baraza, na mnamo 1868 baraza la juu kabisa la Uingereza likaamua kwamba atalipa. Maana ya hukumu ilikuwa hii: aliyekusanya katika ardhi yake, kwa faida yake, kitu ambacho kikitoroka kitadhuru, atakilinda kwa hasara yake, hata kama aliyekosea ni mwingine.

Hukumu ile ni ya maji yaliyomtorokea jirani. Haikusema neno juu ya kibarua aliyezikwa shimoni. Lakini yatupa mizani ya kupimia. Haikuuliza nani aliyeshika sururu, wala nani aliyejua. Iliuliza: kitu hiki kimeletwa kwa faida ya nani? Na zamani zaidi, katika Sheria ya Musa, tunakuta amri kwamba mtu akifungua shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atamlipa mwenye mnyama. Watu wa zamani hizo waliona kuwa shimo ni kitu chenye mwenyewe, kama vile mbwa mkali alivyo na mwenyewe.

Nchini Kenya ziko sheria mbili za 2007, moja ya usalama na afya mahali pa kazi, na ya pili ya fidia kwa walioumia kazini. Zote mbili humwelemea mwajiri. Lakini nani amepata kuona kibarua wa futi akiandikiwa bima? Sheria ipo mjini katika vitabu. Shimo lipo nyuma ya nyumba.

Kwa maoni yangu jibu la hoja ya pili ni hili. Kazi yaweza kukabidhiwa. Ujuzi waweza kununuliwa. Lakini kusudi halinunuliki wala halikabidhiki. Shimo ni langu kwa kuwa mimi ndimi niliyelitaka. Ujinga wangu wa udongo unaniondolea wajibu wa kuamuru namna ya kuchimba, lakini hauniondolei wajibu wa kuuliza. Na mchimbaji alipokwisha kupanda na kuniambia kwamba udongo hauna mshiko, mimi si mjinga tena. Tangu neno lile linitoke sikioni hadi moyoni, ninajua anachokijua yeye, na uwezo wa kununua mbao ni wangu, si wake. Dhima hufuata ujuzi na uwezo vikikutana. Kabla ya neno lile ujuzi ulikuwa kwake na uwezo kwangu. Baada yake vyote viwili vimo mikononi mwangu.

Mizani hiyo hiyo haimtazami mwajiri peke yake. Mara nyingine mnyonge ni mwenye kiwanja. Mfikiri mama mjane aliyeweka akiba miaka 20 ili ajenge mara moja tu katika maisha yake. Anamwita mwenye katapila. Bwana huyu anajua bei za mafuta, anajua udongo, anajua sheria. Mama hajui hata jina la sehemu moja ya mashine ile. Bwana anadai nusu ya malipo kabla ya kuwasha moto. Anafika siku tatu baada ya ahadi. Anakwangua udongo mweusi wa juu, ule ambao ungeotesha mboga za mama na ambao asili hutumia karne kuutengeneza, anaupakia katika lori na kuuza kwa mwenye bustani mjini, na mama anaambiwa kwamba ni taka zimeondolewa. Visiki vinafukiwa badala ya kung'olewa. Vitaoza, na sakafu itatitia. Vigingi vya mpaka vinasukumwa, na ugomvi na jirani unaanza kabla ya jirani kukaribishwa chai. Hapo ujuzi na uwezo vimekutana kwa mkandarasi, na mama hana analodaiwa ila fedha alizokwisha kutoa.

Liko jambo moja katika mapatano ya kazi hizi ambalo watu hulipita upesi, nami naona lina uzito kuliko maneno mengi ya adili. Ni namna ya kupima malipo. Katapila hulipwa kwa saa. Kwa hiyo kila dakika ya kuzembea ni faida kwa mwenyewe, na injini hunguruma mahali pamoja huku dereva akizungumza katika simu. Mchimbaji wa mkono hulipwa kwa futi. Kwa hiyo kila dakika ya kutegemeza ukuta ni hasara kwake, maana mbao haihesabiwi futi. Malipo ya saa humfundisha mtu uvivu, na malipo ya futi humfundisha haraka. Uvivu hula fedha za mwenye nyumba. Haraka hula mchimbaji. Sisi huwalaumu watu wawili hawa kwa tabia zao, kumbe tabia hizo tumezinunua wenyewe tulipochagua kipimo. Mtu anayemlipa mchimbaji kwa futi, bila kutenga malipo ya mbao na ya siku za mvua, amekwisha kumwambia kwa lugha ya fedha kwamba usalama wake ni juu yake mwenyewe. Na lugha ya fedha husikika kuliko ile ya mdomo.

Wako wadai wengine ambao hawakukaa katika mapatano hata kidogo. Wa kwanza ni mtu akaaye chini ya mteremko. Nchi ya Nakuru imepangwa kama bakuli: mito ya Njoro, Makalia na Nderit huteremka ziwani, na Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea. Kitu kilichotoka juu hakina pengine pa kwenda. Aliyefyeka kiwanja chake kilimani hadi kikawa kitupu, akaacha udongo bila nyasi katika mwezi wa Machi, ameutuma udongo ule kwa jirani wa chini mwezi wa Aprili. Na aliyevitupa visiki na magogo katika korongo kwa kuwa korongo halina mwenyewe, ameziba njia ambayo maji yataitafuta. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa lililochimbwa katika shamba moja la Solai lilipasuka baada ya mvua nyingi, maji yakateremka juu ya makazi ya watu, na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao watoto na wanawake. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli, kwa sababu njia yake ya kupita chini ilikuwa imezibwa na matope na takataka, yalivunja na kuua tena makumi ya watu waliokuwa wamelala. Sitaji mifano hii ili nimhukumu mtu. Naitaja kwa kuwa waliokufa hawakuwa wenye bwawa wala wenye tuta, wala hawakulipwa ujira na yeyote ili waichukue hatari ile. Mchimbaji angalau aliulizwa akakubali. Mtu wa chini hakuulizwa.

Wadai wa pili ni wafu. Nje kidogo ya Nakuru kuna kilima kiitwacho Hyrax Hill, ambapo Mary Leakey alichimba mnamo 1937 na 1938 akakuta makaburi na makao ya watu wa kale; na katika pango la mto Njoro palikutwa mabaki ya watu waliochomwa na kuzikwa pamoja na mabakuli yao ya mawe, yapata miaka 3,000 iliyopita. Bonde hili limekaliwa siku nyingi. Sururu ya kibarua yaweza kugonga jiwe lililochongwa au mfupa, na sheria ya makumbusho ya 2006 yataka habari ipelekwe kwa wahusika. Kibarua alipwaye kwa futi atafanya nini? Hapo tena kipimo cha malipo kimekwisha kumjibia.

Na wako waliolifyeka Bonde lenyewe. Walowezi walipogawiwa mashamba makubwa mwanzoni mwa karne ya 20, hawakung'oa visiki kwa mikono yao. Walileta familia za Waafrika, wakawapa ruhusa ya kulima kipande na kuchunga mifugo kidogo kwa sharti la kazi. Na amri ya 1918 ikaweka kwamba mkazi wa namna hiyo atamfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka. Watu hao walifyeka, wakachimba mitaro na mabwawa, wakazaa na kuzika humo humo. Mashamba yalipokwisha kusafishwa na matrekta kufika, wengi walipunguziwa mifugo, wakaongezewa siku za kazi, na baadhi yao wakafukuzwa. Waliambiwa kwamba walilipwa, na kwa hesabu ya daftari ilikuwa kweli. Sisemi kwamba kila aliyechimba msingi anapaswa kupewa chumba katika nyumba. Lakini ni vigumu kuwalaumu walowezi wale kwa kudhani kuwa posho imemaliza kila kitu, kisha jioni ya Jumamosi tukamlipa mchimbaji wetu futi zake na kudhani vivyo hivyo.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba mizigo hii ikipangwa juu ya mabega ya mwenye nyumba, maskini hatajenga. Mbao ni ghali, mawe ya Njoro ni ghali, bima ni maneno ya wenye kampuni. Mwalimu wa shule ya msingi aliyeshindwa kumaliza paa atategemeza shimo kwa nini? Shaka hii ni ya haki, maana wema unaowezekana kwa tajiri peke yake ni wema pungufu.

Lakini tazama alivyoliweka swali mwenye shaka: ama shimo lenye mbao, ama kutojenga. Amesahau kuuliza kama shimo lenyewe lazima liwe refu hivyo. Tunachimba futi 30 au 40 kwa kuwa tunataka shimo litakalodumu miaka mingi bila kutusumbua tena. Yaani tunauza hatari ya mtu mwingine ili tununue utulivu wetu wa baadaye. Katika udongo mwororo inawezekana kuchimba mashimo mawili mafupi, ya kina cha kimo cha mtu, yakajengwa kwa mawe kutoka chini na kuinuliwa kidogo juu ya uso wa nchi. Moja hutumiwa, na likijaa hufungwa hadi taka zake ziwe mbolea, huku la pili likitumiwa. Kazi hiyo humtaka mwenye nyumba alishughulikie shimo lake kila baada ya miaka michache, badala ya kulisahau. Gharama yake, mbao zikihesabiwa, haiko mbali na ile ya shimo refu; na mchimbaji aliye ndani yake, akisimama wima, kichwa chake huonekana juu ya ukingo, na aliye kivulini na kikombe chake cha chai aweza kumwona na kusema naye.